Maisha yetu yako sakafuni, na mtoto naye yuko huko huko

Karibu kila ushauri wa kumlinda mtoto nyumbani niliousoma tangu binti yangu aanze kusimama uliandikiwa nyumba isiyo yangu. Unataja makabati ya jikoni ya kufungwa kwa vishikizo vya plastiki, ngazi za kuwekewa geti, meza za kuvalishwa mpira pembeni. Mimi naishi Majengo, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, bafu, choo na kisima cha zamani. Vyumba viwili vina wapangaji. Meza tunayo moja, imebeba televisheni. Chakula tunakula mkekani. Nazi inakunwa mtu akiwa amekaa karibu na ardhi. Makaa yanawashwa kwenye seredani iliyowekwa chini, udi unafukizwa kwenye chetezo kilichowekwa chini, chupa ya chai inakaa chini kando ya sinia. Kila kinachokata, kinachounguza na kinachomezeka kiko kwenye kimo cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Kwa hivyo kwetu kazi ya kwanza ni kupandisha vitu juu. Ya pili ni kufunga visivyopandishika. Ya tatu ni kuzungumza na kila anayeingia na kutoka, na hiyo ndiyo inayochukua muda.

Nafanya kazi zamu ya usiku bandarini Kilindini. Mke wangu huondoka asubuhi na mamangu ana maumivu ya magoti, basi mchana mwingi mimi ndiye ninayeshinda na mtoto. Bado hajui kusema mengi, lakini mikono yake inauliza tangu alfajiri: hiki chafunguka? Kile kina ladha gani? Nikikivuta kitakuja? Sitaki maswali hayo yakome. Nataka nyumba imjibu bila kumuumiza.

Naanza na maji, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu sioni yakisemwa inavyostahili.

Maji ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere upande wa Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Hayafiki mtaani kila siku. Bomba likianza kutoa usiku wa manane, nyumba nzima inaamka kujaza, na yasipotoka tunamngoja mwenye mkokoteni alete mitungi ya lita 20. Hakuna nyumba ya Mombasa isiyoweka maji. Yako kwenye mapipa ukumbini, kwenye ndoo bafuni, kwenye karai la nguo uani, kwenye beseni chini ya kitanda la mtu asiyetaka kutoka usiku kutawadha. Ukikaa na kuhesabu vyombo vyenye maji yaliyo wazi ndani ya nyumba yako, utashangaa.

Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo kutazama kilichomo, kichwa kinamvuta, miguu inaachana na sakafu, na mikono haijapata nguvu ya kumwinua. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kufunika pua na mdomo. Na hapigi kelele. Watu wengi hudhani kuzama kuna kurushwa maji na mayowe, kwamba tutasikia tukiwa jikoni. Mtoto anayezama hana pumzi ya kulia, na ni suala la dakika chache tu. Ndoo yenye maji robo ni mtego mbaya kuliko watu wanavyodhani: ile robo inaipa uzito chini, hivyo mtoto akiegemea haipinduki kumwaga maji. Inasimama imara, na yeye ndiye anayeingia.

Pipa la ukumbini tulilipandisha juu ya matofali na fundi wa mabomba akalitoboa karibu na chini, akatia koki. Sasa hakuna anayefunua pipa kuchota kwa kata. Kifuniko kina pete ya chuma inayokaza mdomo wote, na pete ina kufuli. Ndoo na makarai, kazi ikiisha, yanamwagwa na kufudikizwa ukutani, hata kama mtu anapanga kufua tena jioni. Maji ya kufulia nayatumia kuoshea ua ili yasipotee bure, maana najua uchungu wa kumwaga maji uliyoyanunua.

Bafu ndilo lililotaka maneno, kwa kuwa tunalitumia na wapangaji. Niliweka komeo nje ya mlango, juu, pale mtu mzima anapofikia kwa kunyoosha mkono. Komeo lenyewe ni bei ya soda kadhaa. Kijana aliyepanga chumba cha nyuma ana kibanda Kongowea na hutoka kabla ya adhana ya alfajiri, macho yakiwa bado mazito. Nikamwendea jioni barazani.

"Kaka, nina ombi. Ukitoka bafuni, funga lile komeo la juu, hata kama unarudi baada ya dakika moja."

"Hilo si neno," akasema. "Lakini lipake rangi nyekundu, bwana. Saa kumi na moja mimi sioni kitu, nikiona chekundu nitakumbuka."

Tukalipaka nyekundu. Ni wazo bora kuliko lolote nililosoma mahali.

Kisima kilikuwa na bati lililogandamizwa kwa jiwe, kama visima vingi vya mtaa huu. Sasa kina mfuniko wa zege na kufuli. Mamangu mwanzoni hakuona haja. "Nyote mumelelewa hapa," aliniambia, "na hakuna aliyetumbukia."

"Mama, wakati ule mchana hapa uani mlikuwa wangapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole: yeye, bibi, shangazi zangu, khaloo, yaani ndugu yake wa kike, aliyekuwa bado hajaolewa, wanawake wa nyumba ya pili waliokuja kusuka ukili na kuchagua mchele. "Hapakosi mtu," akasema.

"Na sasa?"

Sasa ni yeye na magoti yake, nami nimetoka zamu macho yananiuma. Aliona mwenyewe. Wale wanawake walikuwa ndio ulinzi wa uani, na hakuna aliyewaita hivyo. Mtoto akisogelea kisima, mkono mmoja kati ya mingi ulimrudisha bila mazungumzo kukatika. Leo mikono hiyo iko kazini, au imehamia Mtwapa, au imefariki. Kufuli na makomeo yanafanya kazi iliyoachwa wazi. Siku fundi alipomaliza, mamangu ndiye aliyeuchukua ufunguo na kuufunga kwenye ncha ya leso yake.

Moto. Jiko letu la uani sasa lina kilango cha nusu alichotengeneza seremala: kinafika kiunoni kwangu, upepo unapita juu, moshi unatoka, na anayekaanga mahamri anamwona mtoto naye anamwona. Ndani ya kilango hicho haingii mtu mdogo wakati karai lina mafuta. Akilia, analilia nje ya kilango. Seredani ikimaliza kazi haiachwi ipoe uani, kwa sababu kaa lililovaa jivu halionyeshi wekundu wake. Inabaki humo humo ndani ya kilango.

Chetezo ndicho kilichonitia hofu zaidi. Alhamisi jioni na Ijumaa nyumba inafukizwa, na sisi tuna desturi ya kukiweka sakafuni katikati ya chumba ili moshi upande kwenye nguo na mapazia. Kwa binti yangu moshi ule ni kitu hai, anaufuata na viganja vyote viwili. Sasa chetezo kinapanda juu ya rafu ya ukutani, na udi unafika kila pembe kama zamani. Wenye nyumba za Mji wa Kale ambazo bado zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wana mahali tayari.

Chai nayo. Kikombe cha chai kinaweza kumuunguza mtoto hata dakika 15 baada ya kumiminwa, wakati mtu mzima anaiona imekwisha poa. Tunapokula, chupa ya chai na mchuzi vinakaa nyuma ya mgongo wa mtu mzima, si katikati ya sinia, na hakuna anayemshika mtoto mapajani huku ana kikombe mkononi. Yakitokea ya kutokea, ni maji safi ya baridi ya kawaida yanayomiminika juu ya pale palipoungua, dakika 20 kamili, nguo zikivuliwa isipokuwa zilizoganda kwenye ngozi. Hapa mtaani utaletewa dawa ya meno, unga wa ngano, ute wa yai. Wanaoleta wana mapenzi ya kweli, lakini vitu hivyo vinazuia joto kutoka na vinampa daktari kazi ya kukwangua kidonda. Kwenye mji wa maji ya mgao, hii ina maana kwamba mtungi mmoja uliofungwa vizuri uwekwe pembeni siku zote, usiguswe kwa kufua.

Halafu kuna mbuzi ya kukunia nazi. Asiyekulia pwani huenda asijue hatari iliyopo kwenye kile kibao cha kukunjwa chenye chuma cha meno mbele, kimo cha goti, meno yakitazama juu. Siku moja nilimkuta binti yangu amekikalia vile vile anavyokaa bibi yake: miguu huku na huku, mgongo umeinama, kifuu kitupu mikononi, ulimi umetoka kidogo kwa juhudi. Alikuwa anakizungusha kifuu taratibu, nusu shubiri kutoka kwenye chuma, kwa usahihi ulionishangaza. Alikuwa amejifunza kazi nzima kwa kutazama. Nilimnyanyua bila kumkemea. Mbuzi sasa inakunjwa, inafungwa kwa kitambaa na kutundikwa kwenye msumari juu ya dirisha la jiko. Na seremala yule yule wa kilango alimkatia kibao chake kidogo kisicho na chuma. Kila bibi akikuna nazi, naye anakuna ng'ambo ya kilango, na kifuu chake.

Mafuta ya taa, jiki, sabuni ya maji, dawa ya kuzibua choo: mtaani tunauziwa kwa kipimo, na tunapewa ndani ya chupa ya soda au ya maji. Hapa sitapunguza maneno. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameona soda ikinywewa kwenye chupa ile. Hana sababu yoyote ya kudhani safari hii ni kitu kingine. Mwaka 1967 daktari wa watoto wa Canada, Henri Breault, aliyekuwa akiwatibu watoto waliomeza dawa nyumbani, alisababisha kubuniwa kwa kile kifuniko cha kubonyeza ndipo kizunguke, ambacho leo kiko kwenye chupa za dawa duniani kote. Tukihamishia kitu kwenye chupa ya soda, tunautupa ulinzi ule. Kwetu vitu hivyo viko kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, juu ya ukuta wa ua, na muuza duka ananijua kwamba nakuja na dumu langu la njano lililoandikwa kwa rangi.

Mtoto akimeza mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa ili atapike. Yakipanda tena yanaingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Chukua mtoto, chukua na chupa yenyewe daktari aione, nenda hospitali, hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa kikohozi na shida ya kupumua vinaweza kuja baadaye.

Dawa za wazee ni mlango mwingine. Mamangu alikuwa akiweka vidonge vyake vya sukari na presha kwenye mkoba, na mkoba kando ya mto. Vipo vidonge vya kisukari ambavyo kimoja tu kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi apoteze fahamu. Vile vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa kliniki mara nyingi ni vyekundu na vina ganda la sukari, na madini ya chuma yaliyomo ni sumu kwa mtoto akila vingi. Mkoba sasa una msumari wake, karibu na saa ya ukutani, na bibi anapokumbuka saa ya dawa anaunyooshea mkono bila shida.

Vitu vidogo havina mwisho, nitataja vitatu. Pini za mtandio na buibui: tunazishika kwa meno mbele ya kioo, mtoto anatazama, na anachokiona mdomoni mwetu anakitia mdomoni mwake. Mke wangu na wifi yake wameacha kabisa, wanazichoma kwenye mto mdogo juu ya kabati. Mabuyu: mbegu ngumu, ndogo, yenye utamu mwekundu, kila mgeni ana pakiti na kila mgeni anataka kumpa mtoto. Mbegu, njugu nzima na kokwa za tende haziendi na mtoto wa umri huu, hana magego ya kutosha kuzisaga, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele, umpige kwa kisigino cha kiganja kati ya mabega mara 5. Isipotoka, na ameshatimiza mwaka, msukume tumboni juu ya kitovu kwa ndani na juu mara 5, kisha urudie, huku mwingine akiita msaada. Cha tatu ni zile betri bapa za mviringo kama shilingi, zinazokuja ndani ya midoli ya kuwaka taa inayouzwa wakati wa Idi. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Hakuna kusubiri itoke chooni, ni eksirei mara moja. Mdoli usiofungwa mfuniko wa betri kwa skrubu hauingii kwetu, awe ameuleta nani.

Kwenye umeme nilipata jambo ambalo sikulitarajia. Nilitaka kununua vile vifuniko vya plastiki vya kuziba soketi. Lakini soketi zetu za Kenya ni za mtindo wa Uingereza, na zilizotengenezwa sawasawa zina vizuizi ndani ya matundu mawili ya chini, ambavyo mara nyingi hufunguka tu pini ndefu ya juu ikiingia. Mwaka 2016 huko Uingereza idara ya afya iliagiza vifuniko hivyo viondolewe kwenye majengo yake, kwa kuwa kisichokuwa na vipimo sahihi kinaweza kukiacha kizuizi wazi. Hatari ya kwetu ni nyingine: ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili chaja ya pini 2 ipite. Tunamfundisha mtoto kwa macho yake namna ya kufungua mlango uliowekwa kumlinda. Nimenunua adapta kwa kila chaja ya nyumba, pamoja na za wapangaji, na kalamu zimekwisha kazi hiyo. Hita ya koili ya kutumbukiza kwenye ndoo tumeiacha kabisa. Maji ya kuoga tunachemsha jikoni.

Milango: upepo wa kusi ukivuma, mlango wa mvule unajibamiza kwa nguvu ya kukata kidole. Taulo lililokunjwa juu ya ubao wa mlango linatosha. Feni ya kusimama imepandishwa mezani nyuma ya televisheni, na televisheni imefungwa ukutani. Vitanda vimeondolewa chini ya madirisha. Wakaao ghorofani Tudor au Kizingo wahakikishe nondo za dirisha na roshani haziachani zaidi ya sentimita 10. Na kile kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea, tulichopewa na jamaa, nilikirudisha kwa adabu. Canada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya watoto waliobingirika navyo kwenye ngazi, na hapa kwetu kuna vizingiti, ua wenye mteremko na kisima.

Kumbe kilichopunguza vilio vya mchana ni kumpa chake. Pembeni mwa ukumbi kuna sanduku la chini lisilofungwa: sufuria, upawa, kawa kuukuu, vifuu, kamba nene ya mafundo. Humo hakuna "wacha" wala "hapana". Wageni wanaambiwa mlangoni, kwa heshima, mkoba upande msumarini, na khaloo yangu, mtu mzima mwenye maneno yake, sasa ndiye anayewaambia wenzake kabla yangu. Kwenye ukuta wa ukumbi nimeandika kwa makapeni mweusi 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu, pamoja na nambari ya jirani mwenye gari.

Juzi amegundua kwamba kigoda kinasukumika. Amekisukuma kutoka chumba cha bibi hadi kwenye mlango wa bafu, amepanda, amenyoosha mkono, na kati ya vidole vyake na komeo jekundu pamebaki kama shubiri mbili. Kwa hivyo vigoda vyote vinatundikwa, na komeo linapanda hadi ubao wa juu kabisa wa mlango. Fundi anakuja Jumamosi. Kijana wa chumba cha nyuma ameniambia niache rangi ile ile.